Hodhi la Babu, Nikaoga Mimi

Nilimwibia babu yangu maji ya moto. Si kikombe, si birika. Nilimwibia hodhi zima la kuogea, nikalikalia wiki tatu huku nikiimba.

Usicheke kwanza, wewe unayesoma. Cheka nikimaliza. Mwishoni hata yeye alicheka, na kicheko chake kinaniuma hadi leo kuliko mguu wangu.

Kwetu ni upande wa Kebirigo, Nyamira. Mbele ni majani chai, nyuma ni migomba, na katikati kuna nyumba mbili. Ya juu ni ya baba yangu, yenye tangi, mabomba na maji ya moto ya stima. Ya chini ni ya Babu, hatua kama hamsini kwenye mteremko, na maji huifikia yakibebwa kwa mkono. Mimi nimesomea ualimu, bado nangoja kuajiriwa. Babu huniita Mwalimu mbele ya wageni, kisha huwauliza kama wamewahi kuona mwalimu asiye na darasa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Yeye ndiye aliyekuwa akimsugua Babu mgongo na kumshika mkono akitoka kuoga. Baada yake, Babu aliteleza mara mbili kwenye kibanda cha mabati cha kuogea. Akaanza kuyaogopa maji. Akawa anajifuta kwa kitambaa tu, halafu akaacha kwenda kanisani. Yeye, mzee wa kanisa aliyekalia benchi la mbele kila Sabato tangu sijazaliwa, akasema ana kikohozi. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa akijinusa.

Nani angemsaidia? Si mama yangu, mkamwana wake. Si baba yangu. Kwetu kuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mtu na mzazi wake, mtu na mkwe wake, hawaonani utupu, na hata habari za kuoga hawazitaji. Mzee hapiti sebule ya mwanawe aliyeoa. Akija, huketi kiti cha karibu na mlango, akanywa soda yake akitazama nje.

Lakini babu na mjukuu ni watani, hakuna neno linalotushinda. Basi kila jambo la kuoga kwa Babu lilipita kinywani mwangu, kutoka nyumba ya juu hadi ya chini na kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa daraja. Na mbao za daraja hilo nilizing'oa mwenyewe, moja moja.

Shangazi, dada ya baba, yuko Marekani anakofanya kazi ya kutunza wazee. Aliposikia habari za Babu alituma hodhi lenye mlango, ndani ya kontena la vitu vya watu wa kwetu. Alinieleza kwa simu ya video. Mlango uko ubavuni kama wa kabati, na kizingiti ni kifupi, hata mwenye magoti mabovu anakivuka. Mtu anaingia akitembea, anaketi kwenye kiti kilicho ndani, anafunga, ndipo anafungulia maji. Kuna chuma cha kushika, na chini hapatelezi. Maji ya moto yanapanda hadi kifuani, viungo vinalegea.

"Wazee wangu wa huku hawalilii dawa kama wanavyolilia kuoga peke yao," aliniambia. "Mtu akijiogesha mwenyewe, siku hiyo anabishana na wewe mpaka jioni. Nataka mzee wangu abishane."

Nikamwahidi atabishana.

Hodhi likafika, jeupe kama maziwa ya mgando. Nilipobaki nalo peke yangu, niliingia na nguo zangu, nikafunga mlango, nikaketi. Jamani, nilitoshea! Kiti kilinipokea kama kilichopimiwa kiuno changu. Hapo ndipo roho ilipoharibika.

Shangazi alikuwa amesema bomba lichimbiwe hadi kwa Babu. Nikamwambia fundi Babu ameona liwekwe nyumba ya juu, kwenye maji tayari. Nikamwambia baba yangu vivyo hivyo. Baba alitazama dari kwa muda, lakini angemwendea vipi babake kumuuliza anataka kuvulia nguo wapi? Akamwambia fundi aanze kazi. Kisha nikashuka kwa Babu, nikamwambia Shangazi ndiye aliyeamua.

Nilijua hataingia. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Sikusahau mila, niliitumia kama kufuli.

Babu alipanda kulitazama siku lilipofungwa. Aliishia mlangoni, akaegemea fimbo yake, akapima kwa macho ile njia ndefu inayopita mbele ya chumba cha mwanawe hadi bafuni. Akasema ni zuri. Akarudi kwake polepole, na mimi nikafungulia maji.

Wiki tatu! Nilitia majani ya mkaratusi yanukie. Nilisomea humo riwaya hadi vidole vikakunjamana. Mama alipouliza, nikasema nalijaribu, tusije tukampa mzee kitu kibovu. Shangazi naye alipiga simu, akauliza kama Babu analitumia. Nikasema kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Mbona basi hapokei simu zangu, akauliza. Nikamwambia labda yumo ndani anaoga.

Ukweli ni kwamba Babu alikuwa akiitazama simu ikilia hadi inyamaze, kisha anaifunika kwa kofia. Niliona. Sikuuliza kwa nini.

Ijumaa ya tatu, alasiri, mama yuko shambani akichuma chai, nami nimezama hadi kifuani, nikasikia fimbo ya Babu nje. Alikuja kuomba maji ya moto kwenye karai, ya kujifutia.

"Mwalimu, uko?"

"Nakuja, Sokoro," nikajibu. Sokoro ndivyo tunavyomwita babu.

Nikazibua maji. Sasa, hodhi lile lina tabia yake. Mlango hufungukia ndani, na maji huusukuma usifunguke hadi yaishe yote. Shangazi alinionya kwamba huwezi kulitoka kwa haraka. Na majani yangu ya mkaratusi yalikuwa yameziba tundu. Maji yakawa yanashuka kama mtu anayevuta uji wa moto kwa mdomo.

Babu akangoja. Akaniita tena, nikasema dakika moja. Kisha nikasikia bomba la nje likifunguliwa, hatua zake zikishuka mteremko, na karai likalia chini, kwanza mara moja, halafu likiendelea kubiringika.

Niliruka. Nikaukanyaga ukingo wa hodhi lililobuniwa ili mtu asiruke kamwe, mguu mmoja ukatua kwenye vigae na mwingine ukakataa kuja. Kifundo kililia kama muwa ukivunjwa.

Nikavuta taulo, nikajifunga palepale chini. Sikuweza kusimama. Nikaita, nikilia, nikimuuliza Babu kama ameumia. Akajibu kutoka mlango wa sebule. Alikuwa ameanguka kwa makalio kwenye matope, akainuka mwenyewe kwa fimbo, akapanda aliposikia kishindo changu. Lakini alisimama hapo kizingitini. Hakuingia.

"Uko wapi?"

"Bafuni. Mguu umevunjika."

"Ndani ya kile kitu?"

"Nje yake."

Akamwita mama yangu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya pili. Kisha akarudi kunisemesha, ili nisiogope. Ni upole huo ulionimaliza. Nikasema kila kitu, nimelala juu ya vigae, kuta mbili zikiwa kati yetu. Nikasema Shangazi hakuamua chochote. Nikasema ni mimi.

Nilisikia matope yakidondoka kutoka kwenye suruali yake.

"Mimi nilidhani binti yangu amekaa huko mpaka amesahau sisi ni watu gani," akasema. "Wiki tatu sijapokea simu yake."

 

Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, akigongagonga kizingiti kwa fimbo. "Basi tulia hapo, Mwalimu, mama yako anakuja. Na usiruke tena. Umri wako hauruhusu."

Niliwekewa plasta. Nikampigia Shangazi mwenyewe, Babu akiwa ameketi kando yangu kuhakikisha siruki neno. Shangazi alilia, kisha Babu akanipokonya simu na wakabishana kwa nusu saa kuhusu rangi ya vigae vitakavyowekwa kwake. Baba akaajiri vijana, mtaro ukachimbwa, hodhi likashuka kwenda kwa mwenyewe. Sabato iliyofuata Babu alikalia benchi la mbele, ananukia sabuni. Kikohozi kilipona papo hapo.

Mimi je? Wiki sita niliogeshwa kwa karai, juu ya kigoda, mguu ndani ya mfuko wa plastiki, nimejifunga taulo, mama akinisugua mgongo kama sufuria huku akitazama pembeni. Plasta ilipotolewa, daktari akasema kifundo kimekakamaa, nikiloweke kila siku kwenye maji ya moto, mengi, nikiwa nimekaa.

Nikashuka mteremko nikichechemea kwenda kuomba. Babu akanikubalia. Akasema nipange foleni.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa kwenye ngazi ya nyumba yake, taulo begani. Yumo ndani, ubeti wa tatu wa wimbo wa kanisani. Nyinyi wajukuu mnaotumwa kati ya nyumba mbili zisizoweza kuambizana, fikisheni neno kama mlivyopewa. Mzee akinyimwa maji hatalalamika. Atasema ana kikohozi.

Nimegonga sasa hivi, nikamuuliza kama maji yameisha kutoka.

"Bado, Mwalimu," amejibu. Na nimesikia bomba likifunguliwa upya.