Jina Lina Mtu

Domina Laurian alikuwa na miaka thelathini na minane alipoamua kurudi darasani. Mwaka wa saba ulikuwa unakwisha tangu amfuate mumewe Lucas ugenini kwa Wachina, ambako alikuwa karani wa ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli, na siku nyingi alizimalizia Kangle, mtaa wa viwanda vidogo vya nguo, kwenye kiti cha plastiki katikati ya cherehani, akisimamia sare za shule zilizoagizwa na wateja wa Tanzania. Kichina cha kubishana bei pale Zhongda, soko la vitambaa, alikuwa nacho. Cha kusoma hakuwa nacho. Mara mbili mafundi walishona mikono mifupi mahali pa mirefu, na karatasi ya vipimo ilikuwa imebandikwa ukutani muda wote, mbele ya macho yake.

Chuo cha jamii hakikuwa mbali na hapo. Kwa mwaka mmoja kilifundisha ukataji wa nguo pamoja na kusoma Kichina, na tangazo lake lilisema hakuna mtihani wa kuingia wala ukomo wa umri. Siku za usajili, Revocatus, kijana wa Bukoba aliyekuwa akisomea uzamili kwa ufadhili, alikaa dirishani kuwatafsiria wageni.

"Ni kweli wanapokea kila mtu?" Domina alimuuliza.

"Kila mtu, dada. Lete pasi, kibali cha kuishi na cheti cha kidato cha nne. Basi."

Cheti alikuwa nacho. Kiliandikwa Anastazia Pastory.

Alipofeli darasa la saba, baba yake alimpeleka kwa mwalimu mkuu wa shule nyingine, ng'ambo ya kilima, ili arudie. Kurudia kulikatazwa, kwa hiyo mwalimu alimpa jina la msichana aliyeacha shule. Watoto wengi wa rika lake walifanya hivyo. Domina aliitikia jina lile hadi kidato cha nne, akalivua siku alipomaliza mtihani, kama mtu anavyovua sare. Pasi aliichukua kwa jina lake la ubatizo. Kila alichowahi kufaulu kilibaki kwa jina la mtu ambaye hakumjua hata sura, na hicho ndicho alichokitaka hasa pale chuoni, ingawa hakumwambia yeyote: karatasi moja iliyoandikwa Domina.

Karani wa dirishani, mama mwenye miwani, aliweka pasi na cheti pamoja, akatikisa kichwa. Revocatus alitafsiri: kama majina yote mawili ni yake, alete hati ya kiapo kutoka kwao. Alipewa wiki tatu.

Wakili wa kwao Bukoba alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu. "Huyo Anastazia mwenyewe yupo hai? Kama yupo, lazima asaini kwamba hana madai."

Alikuwa hai. Shangazi wa Domina alimpata Kamachumu, akiuza ndizi, akatuma namba. Domina alipiga Jumapili mchana. Alijieleza kwa haraka, akiomba radhi kila baada ya sentensi.

"Kwa hiyo ni wewe," Anastazia alisema.

"Ulinijua?"

"Nitakujuaje? Mama alikuwa mgonjwa, niliacha shule nikamuuguze. Alipofariki nikarudi, Januari. Mwalimu mkuu akafungua daftari la mahudhurio, akaniambia, jina lako lina mtu. Nikamwambia, mtu mwenyewe si ndiye mimi? Akasema nenda nyumbani, tutakutafutia jina jingine. Nilikwenda mara tatu."

Cherehani za jirani zilikuwa zikinguruma hata siku ile ya Jumapili.

"Ulifaulu?" Anastazia aliuliza.

"Nilifaulu. Nikaenda sekondari."

"Na kidato cha nne?"

"Daraja la tatu."

"Basi Anastazia amefika mbali." Hakusema kwa ubaya. "Nitasaini. Mimi jina hilo halitanisaidia tena."

Siku ya nane wakili alituma picha ya karatasi. Mimi, Anastazia Pastory, sina madai yoyote, na sitalitumia tena jina hili kwa shughuli yoyote ya elimu. Chini yake palikuwa na saini ya herufi moja moja, zilizosimama wima, kama za mtoto anayeandika juu ya mstari. Domina aliikuza ile picha kwa vidole, akaitazama mpaka kioo cha simu kikazimika.

Siku ya mwisho ya usajili alirudi dirishani. Revocatus alinyoosha mkono apokee hati.

"Mdogo wangu, mwambie cheti si changu. Mwenye jina yupo, na alinyimwa nafasi kwa sababu yangu."

"Dada, hati si unayo? Nikitafsiri hayo, imekwisha."

"Tafsiri."

Alitafsiri kwa sauti ya chini, akiangalia meza. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Kisha akatamka maneno ambayo kila mgeni wa soko huyasikia mapema, mei banfa, hakuna namna, na kumrudishia fomu yake ya usajili kwa mikono miwili. Bila cheti cha sekondari, kanuni haikuwa na mlango mwingine. Nyuma yake foleni ilisogea.

Lucas alipouliza, Domina alimwambia nafasi zimejaa. Alimpigia Anastazia ili amweleze kwamba ile karatasi haikutumika. Simu iliita, haikupokewa; alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Septemba masomo yalipoanza, Revocatus alimwandikia kwamba kuna darasa la bure la Kichina Jumamosi, halidai cheti chochote. Domina alisoma ujumbe ule akiwa Kangle, akauacha bila kujibu. Kisha akamwomba fundi aliye karibu amsomee vipimo vya ukutani, na yeye akaviandika kwenye kiganja.