Siku Nilipomfisha Mama Akoth kwa Kitufe

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni polepole, kwa sababu mpaka leo nikipita Kombewa nageuza uso upande wa pili. Mimi ndiye niliyemuua mama wa watu saa nne asubuhi, mbele ya wakubwa kumi na wawili, tena nikiwa nimevaa tai.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza programu za hospitali, na kuziuza ndiko kunakonishinda. Nilikuwa nimeifuata hospitali moja ya binafsi upande ule wa Seme (jina nalihifadhi, kosa halikuwa lao) miezi mitatu, mpaka wakakubali tujaribu mfumo wangu kwenye wadi ya wanawake kwa wiki moja, wagonjwa wa kweli waandikishwe, halafu Ijumaa nije niwaonyeshe wakubwa ukumbini. Sista Perpetua, msimamizi wa wadi, alinionya mapema: "Ukikuja kuonyesha, tumia majina ya kubuni. Hawa ni watu wa wenyewe." Nikamwambia sawa, Sista. Ila siku yenyewe nilichelewa kutoka Nyamasaria, majina ya kubuni sikuyaandika, nikajiambia nitachukua tu mgonjwa wa kwanza kwenye orodha, nani atajua.

Wa kwanza alikuwa Mama Akoth (Akoth ni jina lake mwenyewe), mjane aliyelazwa kwa nimonia, amepona, anangoja kwenda nyumbani kesho yake.

Mambo yalienda vizuri mno, na hapo ndipo mtu hupotea. Nikaonyesha dawa, nikaonyesha vipimo, vichwa vinatikisika, mpaka daktari mkuu akauliza, "Na mgonjwa akifariki, familia inajua aje?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo (ndiyo, niliamini kabisa kwamba mtu anaweza kupewa msiba kwa meseji). Nikabonyeza "Amefariki". Mfumo ukauliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo kwa mbwembwe, na ukutani skrini ikaandika kwamba jamaa wawili wamejulishwa. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilijipigia kidogo.

Sista hakupiga. Alisimama akauliza, "Bwana, hiyo meseji imeenda kweli ama ni ya kuonyesha tu?"

Nilikuwa nimesahau kuzima meseji. Nikataka kumrudisha mama kwenye walio hai, kumbe hakuna kitufe cha hivyo, kwa sababu faili ya marehemu nilikuwa nimeifanya ijifunge mtu asiichezee, na jambo hilo ndilo nililokuwa nikijivunia kuliko yote. Nikampigia binti yake, Adhiambo, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni hapo Kombewa, simu inaita tu. Kumbe alishapanda boda. Tukasikia nduru kutoka getini, ile nduru ya kwetu ya msiba ambayo haimngoji mtu athibitishe, na nyuma yake wanawake wa soko, leso viunoni. Adhiambo aliingia ukumbini bila viatu, akaanguka sakafuni akimwita mamake. Nikamwambia yuko hai. "Wacha kunidanganya," akasema. "Hospitali haiwezi andika hivyo kama mtu hajaenda."

Sista akakimbia wadini akamleta Mama Akoth kwenye kiti cha magurudumu. Adhiambo akamshika miguu, akamshika uso, akalia upya. "Nani amekufa?" mama akauliza. Ndipo akatazama ukutani, na mimi mjinga skrini sikuwa nimeizima.

Majibu ya meseji huingia palepale (nilikuwa nimelisifu hilo pia). Lilikuwa limeingia moja, la Ouma, kifungua mimba wa mama aliye Nairobi, ambaye hakuna muuguzi asiyesimuliwa habari zake. Liliandikwa: "Sawa. Zikeni tu. Mimi sitafika." Na kwetu mtoto wa kwanza haombwi kuja kumzika mamake, ni wajibu wake.

Mama Akoth alisoma mpaka mwisho. Adhiambo akatoa simu ampigie kaka yake. "Usimpigie," mama akasema. "Wacha akae hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini kazi ilikuwa bado. Faili imefungwa, kwa hiyo ilibidi nimwandikishe upya kama mgonjwa mgeni, jina, umri, kijiji, mpaka jamaa wa karibu.

"Adhiambo," akasema.

Mfumo unadai wawili. "Na mwingine, mama?"

"Mwingine nilikuwa naye."

Bila jina la pili mfumo hauendelei, na mimi ndiye niliyeulazimisha uwe hivyo, kwa hiyo nikaandika langu na namba yangu.

Hawakununua, na sikuwauliza. Meseji ya msiba nimeing'oa kabisa, na nimeapa sitagusa tena jina la mtu halisi kwa maonyesho, hata nichelewe vipi. Lakini kwenye faili ya karatasi ya Mama Akoth, alikoinakili Sista, namba yangu bado iko, na simu yangu siizimi.