Samadi ya Moto ya Baba Mkwe

Lusungu aliolewa Kinyala akitokea Mbeya mjini, na kitu cha kwanza alichomwomba mumewe hakikuwa kochi wala tivii. Aliomba kabustani nyuma ya jiko. Akapewa matuta matatu, ila kwa sharti la baba mkwe, Mzee Anyitike: mboga zikifa mara tatu, pale panapandwa matete ya ng'ombe.

Zikafa mara ya kwanza. Majani yaligeuka njano, kingo zikakauka kama zimepigwa pasi. Majirani wakaanza: huyu wa mjini mkono wake mkavu. Mara ya pili akakuta samadi mbichi imerundikwa shinani mwa kila mche. Akajua ni mzee. Akamtuma mumewe, Ackson, akamweleze baba yake.

"Nimeshaongea naye," Ackson akasema baada ya siku mbili. "Tulia, mama."

Akatulia. Akasia mara ya tatu. Kabichi na chainizi zikafika majani manne, zinang'aa, anazipiga picha kila siku utadhani kajifungua.

Sasa Jumanne, anamenya ndizi jikoni, akasikia toroli linalia kwichi kwichi. Akachungulia. Mzee Anyitike na mabuti yake ya mvua, anasukuma samadi iliyotoka bandani asubuhi hiyohiyo, inafuka moshi kama chungu cha makande. Inaelekea kwenye matuta.

Kisu kilimdondoka. Angekuwa mtu mwingine, Lusungu angetoka akamchana laivu. Lakini kwa wazee wa huku mkamwana haongei na baba mkwe, hamtazami, na wakikaribia kukutana anajificha. Miaka miwili pale hajawahi hata kumsalimia.

Akajibanza nyuma ya mgomba, kitenge kichwani, akamkazia macho kuku aliyekuwa anachakura.

"We kuku," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Nani kakufundisha kumwagia miche samadi mbichi? Chomeka kijiti humo katikati uone kinavyotoka cha moto. Ndiyo moto unaonipikia mizizi."

Toroli likasimama. Mzee akakohoa, akamgeukia kuku huyohuyo.

"Kuku, mimi naweka samadi kwenye migomba tangu hujaanguliwa. Haujafa hata mmoja."

"Mgomba una shina kama paja la mtu, kuku. Mche una mzizi kama uzi. Ushawahi kumlisha mtoto wa wiki moja ugali?"

"Sasa iwekwe wapi?"

"Pembeni. Ifunikwe na majani makavu ya migomba, mvua isiioshe. Igeuzwe kila wiki, miezi mitatu. Ikipoa, ikanukia udongo, ukiishika inamomonyoka, hapo ilete. Na hata hapo usiibananishe na shina, acha nafasi ya kiganja. Umeua mara mbili, kuku. Umeua wewe, mkono mkavu naitwa mimi."

Kuku akaona hii kesi si ya saizi yake, akaondoka. Wakabaki wawili, na hakuna wa kuongea naye.

Mzee akalitazama toroli. "Hili toroli," akasema taratibu, "halijaambiwa na mtu yeyote."

Nyuma ya mgomba, Lusungu akauma meno. Kwa hiyo Ackson hakuongea. Hata neno moja.

Akasikia kwichi kwichi inageuka. Mzee akaimwaga samadi kule pembeni, akakata majani makavu, akaifunika vizuri, kisha akaiaga hewa kwa asante ya Kinyakyusa: "Ndaga." Akaenda zake. Miche ikabaki imesimama.

Saa kumi Ackson akarudi kutoka Tukuyu, akaliona lundo, akatabasamu kama mshindi.

"Unaona? Si nilikwambia nimeongea na mzee?"

Lusungu akaingia stoo, akatoka na beleshi, akamtia mkononi.

"Kila Jumamosi unaligeuza lile. Mpaka mwezi wa tisa."

"Mimi tena? Kwa nini mimi?"

"Kamuulize kuku."