Njia Iliyofagiwa Jioni

Niliamua kuweka kabro kwenye njia ya kwa wazazi wangu kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Ndivyo nilivyo, kifungua mimba mwenye haraka. Masika yaliyotangulia Baba alishikwa na homa, na gari langu likazama kati ya lango na nyumba, kwenye ule udongo mweusi wa Lambwe usiojua mzaha. Tulimbeba kwa kiti cha plastiki hadi barabarani, mimi nikilia kwa hasira. Nikaapa sitayaona hayo tena.

Basi nikatoka Migori na sampuli kwenye buti: tofali la kabro la kijivu, jingine jekundu, na mfuko wa kokoto. Nikazipanga barazani. Baba, ambaye kumbukumbu zimekuwa zikimtoroka kidogo kidogo, aliinua lile jekundu, akalinusa, akauliza kama mkate umeiva. Tukacheka mimi na yeye. Mama hakucheka.

"Mimi sitaki mawe hapa," akasema. "Leta tu udongo mwekundu, washindilie."

"Udongo tena, Mama? Mvua ikinyesha utambeba mgongoni?"

Aliendelea kuchambua mboga, nami nikanuna kama mtoto.

Jua lilipokaribia kuzama nikamwona ameshika ufagio. Alifagia kutoka langoni hadi mlangoni, akirudi kinyumenyume, taratibu, pasibaki hata jani. Nilishangaa. Huyu ndiye aliyetuchapa utotoni kwa kufagia jioni, eti tunafukuza baraka nyumbani.

"Mama, kwani siku hizi baraka zinafukuzwa na nani?"

"Wacha nifagie, nyathina, mwanangu."

Nilifikiri naye ameanza kupotea, na kwamba sasa ningewapoteza wote wawili.

Kulipopambazuka kitanda cha Baba kilikuwa kitupu. Nikatoka mbio na ufunguo wa gari mkononi, nikipiga kelele, sijui naelekea wapi. Mama hakukimbia. Aliniambia nisimame palepale nisiharibu njia, kisha akainama.

Mguu wa kushoto wa Baba huburuta. Kwenye ule udongo uliofagiwa, akala yake ya mpira wa tairi ilikuwa imechora mstari mmoja mrefu, na kando yake alama za mguu ule mzima. Mama aliufuata mstari bila wasiwasi. Karibu na lango ukakata kushoto, ukapenya kwenye ua, ukaishia kwenye zizi ambalo halijaona ng'ombe tangu niolewe. Baba alikuwa ameketi juu ya gogo, shuka mabegani.

"Wamechelewa leo," akatuambia.

"Watakuja," Mama akamjibu, akimshika mkono. "Twende kwanza chai."

Alipokuwa akimmiminia ndipo nilipomuuliza kwa nini hafungi mlango kwa kufuli.

"Nikifunga analia. Ni nyumba yake." Akasukuma kikombe mbele ya Baba. "Sasa ukiniwekea mawe, nitamwona wapi?"

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia, ungempeleka Migori."

Ilikuwa kweli. Ningempeleka wiki ileile, na ningejiona mtoto mwema. Niliona aibu, nikalia hapo mezani, na Baba akanipa nusu ya mkate wake.

Fundi alikuna kichwa nilipomwelezea ninachotaka, lakini alikifanya. Aliweka mistari miwili ya kabro, kila mmoja wa kutosha tairi tu. Katikati akashindilia udongo mwekundu, juu akanyunyiza mchanga laini wa mto. Mbele ya mlango akaacha udongo mtupu, upana wote. Baba hupita katikati siku zote, maana hajawahi kuwa na gari.

Nikienda kuwaona sasa, jioni nampokea Mama ufagio. Hukaa barazani akinisimamia.

"Rudi nyuma! Unakanyaga ulipofagia."

Juzi niliamka kukiwa kumeshakucha, nikafungua mlango. Mstari wa akala ulikuwa umetoka hadi langoni na kurudi. Kando yake, kwenda na kurudi, kulikuwa na nyayo ndogo za Mama, karibu sana na zake, kama za watu walioshikana mikono. Hakuniamsha. Gari langu lilikuwa limeelekea langoni na nilikuwa nimechelewa kazini, lakini nilisimama pale mlangoni muda mrefu, nikashindwa kukanyaga.