Daktari wa Uingereza Niliyemtafsiri Ukumbini

Hapa Makambako najulikana kama mama anayejua Kiingereza, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza Jumamosi. Daktari alikuwa aje kutoka Njombe kuwafundisha akina mama wa usharika wetu kuhusu upasuaji. Akachelewa. Mezani nikaona flashi, nikadhani ametanguliza video ya somo, basi nikaichomeka kwenye televisheni na kusimama mbele nitafsiri.

Akatokea daktari Mwingereza, nywele zimesimama kama ufagio, anacheka peke yake huku ananoa msumeno. Nikashangaa, lakini nikasema, "Anatusalimu." Mara akamshonea mgonjwa kichwa cha mtu mwingine! Kiingereza chenyewe kilikuwa cha mbio, sikuambulia neno. Mgonjwa akainuka, akaanza kucheza dansi na muuguzi. Nilitamani kukaa, ila akina mama walikuwa wanaandika kwenye madaftari. "Hayo," nikasema, jasho linanitoka na baridi yote ile, "ni mazoezi baada ya upasuaji."

Mlango ukafunguliwa, daktari wetu akaingia.

"Kamwene, akina mama. Samahani kwa kuchelewa, somo langu ninalo hapa," akasema, akitoa flashi mfukoni. Kisha akaitazama televisheni. "Hiyo sinema ya vichekesho kaweka nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi Tulizo, tuliyembembeleza mwezi mzima akubali kupasuliwa uvimbe wa shingo, akanyoosha mkono.

"Mwanangu daktari, mimi shida yangu ni shingo tu. Kichwa naomba mniachie hikihiki."