Kanga Zilizorudisha Ndege Mikumi

Wanawake thelathini na wawili walikuja kuanguka kutoka angani ili binti yangu apate mahali pa kuzalia. Nikisema hivyo watu hudhani nimechanganyikiwa, lakini barua ya wilaya ndivyo ilivyosema, ila kwa maneno marefu zaidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, kuuza maandazi mbele ya ofisi ya serikali ruksa, sukari ya kutoka nje ruksa, hata huku kwetu ambako ukisimama Ruhembe unaona miwa mpaka macho yanachoka. Hospitali nayo ikapata ruksa yake. Mama mjamzito aje na glovu zake, wembe wake mpya, pamba yake, uzi wake na mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Waliita kuchangia huduma. Nilimuuliza nesi mmoja pale Kilosa, "Sasa mwanangu, kama vyote naleta mimi, huduma yenyewe ipi?"

Akanijibu bila hata kucheka, "Kitanda, mama. Kitanda ni chetu."

Kule Mvumi, ya hapa hapa wilayani kwetu, alikoolewa binti yangu mkubwa, hata hicho kitanda hakikuwepo. Zahanati ilikuwa na chumba kimoja, wa malaria humo, wa vidonda humo. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika katikati ya masika. Wakampakia kwenye baiskeli kumleta Kilosa, wakakuta mto umekula barabara. Mtoto akazaliwa pale pale kando ya maji. Hakulia. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mungu hutoa na Mungu huchukua, naamini hivyo kwa moyo wangu wote, ila barabara na zahanati naamini alituachia sisi.

Basi binti akawa na mimba tena, changa kabisa, ndipo barua ikaja. Wanawake wa Kizungu wanaoruka na miavuli kutoka kwenye ndege watakuja nchini. Watashikana mikono wote kwa pamoja huko juu, kabla ya kufungua miavuli, wavunje rekodi ya wanawake katika Afrika nzima. Wafadhili kwao wameahidi: wakishikana wote, Mvumi itajengewa chumba cha kujifungulia. Akikosa kushika hata mmoja tu, hakuna chumba.

Niliisoma barua hiyo mbele ya kina mama wenzangu wa msikitini. Shoga yangu mmoja, muuza dagaa, akaniuliza, "Yaani wao wakishikana huko juu, sisi huku chini tunazaa?"

"Ndiyo."

"Na wakishikana hapa hapa uwanjani, wamevaa viatu vyao, haitoshi?"

"Haitoshi. Lazima waanguke."

"Haya. Mungu awahifadhi. Mimi kwenye ngazi tu naogopa."

Nikaweka nadhiri. Kila Jumatatu na Alhamisi nitafunga, mpaka binti yangu alale kwenye kitanda cha Mvumi.

Wilaya ikaunda kamati ya mapokezi, na mimi nikawekwa mwenyekiti wa kina mama. Si kwa sababu ya cheo, sina. Ni kwa sababu ya darasa la jioni. Miaka minne nilikuwa nikimaliza kuuza maandazi naenda kukaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yananigusa kidevu, najifunza Kiingereza. Wageni walileta karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na pale ofisini kila bwana aliyeshika karatasi ile alikumbuka ana safari. Ikanifikia mimi.

Nikaisoma yote, na kamusi. Ndege zitakaa Mikumi, kwenye uwanja wa mbugani. Kuruka kwenyewe kutafanyika Kilosa, kwenye uwanja wa mpira, maana Mikumi ndege inaruhusiwa kutua, lakini mtu akitua na mwavuli, simba hana habari kwamba huyu ni mgeni wa serikali. Katikati ya uwanja litandikwe turubai la rangi ya machungwa kwa umbo la T. Rubani akiona T, maana yake karibuni. Akiona X, maana yake hatari, rudini, msiruke.

Nilikariri. Nikawafundisha kamati. T ni karibu, X ni rudini. Hata watoto walikuwa wanaimba.

Siku ilipofika, T yangu ilikuwa imenyooka hata seremala asingeikosoa. Niliiwekea mawe pembeni isipeperuke. Tatizo lilikuwa kanga.

Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi vumbi. Bibi harusi hakanyagi vumbi, na mama aliyetoka Hija pia. Unavua kanga ya begani unatandika, mwenzako anatandika yake mbele, mgeni anapita. Sasa mtu anayetoka mbinguni kwa ajili ya uzazi wako, umwache akanyage mbigili? Hilo halikuhitaji kikao. Kila mwanamke alikuja na kanga za ziada, doti nzima nzima.

Lakini tulikuwa makundi mawili. Kundi letu, wenyeji, wengi wetu wa msikitini. Na kundi la kina mama wa kanisani, wengi wao wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wamekuja na vitenge vyao vikubwa. Tukaanza kubishana njia ianzie wapi.

"Ianzie kona ya kwetu huku," alisema kiongozi wao, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Sisi tumetembea tangu alfajiri."

"Mmetembea mkafika kwa nani?" muuza dagaa akamjibu. "Si kwetu? Basi mgeni hutandikiwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani anatandika kanga imepauka hivyo?"

"Pauka ni kichwa chako!"

Nikaona tutafarakana mbele ya wageni. Nikasimama katikati, nikatoa hukumu ambayo hadi leo naiona ya haki. Nikasema, kundi letu lianzie kona yetu, kundi lao lianzie kona yao, tukutane katikati kwenye turubai. Halafu, ili asiwepo wa kusema njia ya mwenzake ndefu, kila kundi livuke katikati, liendelee mpaka kona ya upande wa pili.

Wote wakaridhika. Muuza dagaa na yule mama mrefu wakasaidiana kunyoosha pindo. Nilisimama naangalia zile njia mbili za rangi zote, zimevuka uwanja kona kwa kona, nikamshukuru Mungu aliyenipa busara.

Ukiwa chini huoni herufi. Unaona kanga tu.

Ndege tatu zikatokea upande wa Mikumi. Tukapiga vigelegele. Zikazunguka mara moja. Zikazunguka mara ya pili, chini zaidi, tukapunga mikono. Mara ya tatu tukawaona hata watu mlangoni. Halafu zikageuka, zikaenda zake.

"Wamesahau kitu," alisema mmoja.

"Labda wanakwenda kujipanga."

Tukaimba saa nzima. Mkuu wa msafara wa wilaya, aliyekuwa ameandaa hotuba, akaitoa hivyo hivyo, kwa mbingu tupu. Ndipo askari akaja mbio kutoka kituo cha polisi, kwenye simu ya upepo. Mikumi wanauliza: mmetukataza kwa nini? Kuna hatari gani?

Nilimwangalia askari. Kisha nikapanda jukwaani, maana lilikuwa juu kidogo, nikaangalia uwanja.

Nikakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi.

Afisa mmoja wa kamati, kijana mwenye tai, akaninong'oneza, "Mama, tulia. Tutasema upepo."

"Upepo haukutandika kanga, mwanangu."

"Tutasema mawasiliano. Mama, hawa wakijua ni uzembe wetu hawarudi. Hata Mvumi yako uisahau."

Nilifikiria Mvumi kweli. Nilifikiria ule mto. Kama uongo ungeweza kuzaa mtoto salama, sijui, labda ningeusema. Lakini chumba ninachokiombea kwa kufunga, nikijenge kwa uongo? Nikangoja.

Mchana gari la mbugani likaleta kiongozi wa wale wanawake wa ndege. Nilitegemea msichana. Akashuka bibi, nywele nyeupe, mwenye wajukuu watano kama alivyonieleza baadaye, kavaa suruali yenye mifuko kila mahali. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akanijibu, "Jambo." Kiswahili alikisoma kitabuni.

"Nani ameweka X?" akauliza.

Yule kijana wa tai akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi, mama. Na si X. Ni heshima."

Nikamweleza, Kiswahili na Kiingereza changu cha jioni vikisaidiana, habari ya vumbi, ya kona mbili, ya hukumu yangu, nikamwomba radhi mbele ya wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akaziangalia zile kanga, akazunguka pembeni asizikanyage.

"Nimeruka nchi nyingi," akasema. "Nimekatazwa kwa mawingu, kwa upepo, kwa polisi. Kwa heshima, hii mara ya kwanza." Halafu uso ukabadilika. "Mafuta ya ndege yamebaki ya mara moja. Kesho saa mbili asubuhi. Tukikosa, tunakwenda nyumbani."

Jioni ile kikao kilikuwa kifupi. Kanga chini, marufuku. Yule mama mrefu akauliza, "Kwa hiyo wakanyage vumbi?" Kila mtu aliangalia miguu yake.

Kesho yake T ilikuwa peke yake uwanjani, na wanawake wote pembeni, kanga na vitenge vimekunjwa begani. Ndege zikaja, zikapanda juu mpaka zikawa kama nzi. Kisha vikaonekana vidoa. Mama mkwe wangu, aliyesimama kando yangu, akatukataza kuhesabu, maana watu hawahesabiwi kama mbuzi, kwa hiyo sikuhesabu. Nilisema tu Ya Rabi, Ya Rabi. Vidoa vikasogeleana, vikashikamana, kikawa kitu kimoja kama ua la alizeti, kikashuka hivyo hivyo. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Chai haipoi kwa muda ule. Halafu wakaachana, miavuli ikafunguka ya kila rangi, na upepo, ambao jana ulisingiziwa, leo ukafanya kazi yake kweli.

Waliotua uwanjani hawakufika nusu. Mmoja alitua relini, mwingine kwenye mkonge, wawili kwenye shamba la mihogo. Na wale wanawake wangu wakatawanyika! Niliona mama mtu mzima, mwenye ugonjwa wa magoti, anakimbia kuvuka tuta la mihogo na kanga mkononi. Kila mgeni alitandikiwa pale alipoangukia. Binti mmoja wa Kizungu, matope mpaka kiunoni, alikuwa ananyanyua miguu hataki kuchafua kitenge, na yule mama mrefu anamfokea, "Kanyaga, mgeni! Kanyaga! Jana ulitukimbia, leo hutoki!"

Bibi mwenye nywele nyeupe alitua mita chache tu kutoka kwenye T. Muuza dagaa akamtandikia, mimi nikamwamkia tena.

"Marahaba," akasema. Alikuwa amefundishwa usiku.

Walishika wote. Alikuwepo mwenzao wa kupiga picha, na picha zikaonyesha kila mkono. Chumba cha Mvumi kikaanza kujengwa, na kilikwenda haraka, maana wafadhili walituma mtu wa kusimama pale mpaka bati la mwisho. Masika ilipoingia, kila kitu kilikuwa ndani, kitanda, meza, beseni. Kilichobaki ni mgeni rasmi wa kukata utepe.

Mgeni rasmi akaahirisha mara ya kwanza. Akaahirisha mara ya pili. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni kutoka nguzo hadi nguzo, umeanza kupauka.

Mimi nilikuwa nimehamia Mvumi kusubiri. Siku ya Alhamisi, nimemaliza swala ya alfajiri, binti akaniita. Mto ulikuwa umeshakula barabara tena, kama ulivyozoea. Tukamshika huku na huku mpaka zahanati. Nesi akatoka, akaangalia binti, akaangalia mlango.

"Mama, naomba mngoje nimtandikie chumba cha malaria."

"Na hiki?"

"Hakijafunguliwa. Kuna utepe."

"Ufunguo unao nani?"

"Ninao mimi. Lakini utepe ni wa wilaya."

Binti akanikamata bega kwa uchungu, kucha zikaingia. Nikaangalia ule utepe. Miezi ile nilishaona kitambaa kikirudisha ndege tatu angani, na kwa kile niliomba radhi mbele ya watu. Hiki sikuona cha kuombea radhi. Kapuni nilikuwa nimekuja na mchango wetu wote wa huduma, glovu, pamba, uzi na nyembe mbili. Nikatoa wembe mmoja, nikasema Bismillahi, nikakata.

"Fungua, mwanangu," nikamwambia nesi. "Wembe wa pili ni wa kitovu."

Mtoto wa kike. Alilia kabla hata hajatoka mwili wote. Sikufuturu mpaka magharibi, na sikuhisi njaa.

Mgeni rasmi alikuja siku tisa baadaye. Tukamtandikia kanga, mstari mmoja tu, nilisimamia mwenyewe. Nesi alikuwa ameunga utepe kwa fundo. Mgeni akaukata pembeni ya fundo, akageuka, akasema kwamba kuanzia leo wanawake wa Mvumi watajifungulia hapa. Mjukuu wangu, mstari wa mbele, kifuani kwa mama yake, akapiga ukelele mkubwa.

Watu wakapiga makofi sana. Mgeni rasmi akashukuru.