Nyimbo za Sabina

Hanora Marrinan hakujua kusoma, kwa hiyo mwanawe Con alipofika Koroit kwa treni kutoka Melbourne, riwaya yake ya kwanza mkononi, ilibidi amsomee. Alimsomea jikoni huku mama akimenya viazi. Riwaya ilihusu familia iliyotoka Clare, Ayalandi, ikavuka bahari na kuja kulima viazi kwenye udongo mweusi wa Victoria, Australia. Majina yalibadilishwa, lakini ng'ombe wa pembe moja alikuwa wao, na mvua iliyoozesha mavuno yote ilikuwa yao.

Kisha akafika kwa mama wa kitabuni. Mama huyo alikanda mkate alfajiri akiimba nyimbo za kwao, na mwanawe mdogo aliamshwa kila siku na sauti hiyo.

Kisu cha Hanora kikasimama.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi alfajiri nilikuwa hotelini nafua mashuka ya watu. Nikirudi sina hata nguvu ya kuvua viatu, sembuse kuimba. Aliyekukandia mkate ni dada yako."

"Najua."

"Mbona Sabina simsikii humo?"

Con alitazama dirishani. "Mhariri alisema familia ina watu wengi mno, msomaji atachanganyikiwa. Nikaona nyimbo zake nikupe wewe. Nilidhani utafurahi."

"Watu wengi mno," alisema Hanora. Alikuwa amezaa saba na kuzika wanne.

Sabina alimlea Con tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Alimwogesha, akamfundisha sala, akambeba mgongoni mpaka shuleni, kisha kifua kikuu kikamchukua kabla hajafika miaka ishirini. Hakuwahi kupigwa picha. Msalaba wake wa mbao ulishaoza. Ulimwengu ulikuwa umepata nafasi moja tu ya kumjua, na nafasi hiyo alipewa mtu mwingine, tena mama yake.

"Mrudishie," alisema Hanora.

"Kimeshachapwa, Mama. Labda kikichapwa tena."

Alilisema hilo kwa sauti ile aliyozoea kuitumia kuahidi kuja Krismasi. Hanora akaendelea kumenya.

Kitabu kilizunguka parokia nzima. Kila Jumapili baada ya Misa watu walimzingira.

"Mama Con, tuimbie basi, hata kipande!"

"Si mimi. Alikuwa Sabina wangu."

"Mnaona unyenyekevu huo?"

"Mama mwema hajisifu," alisema Padri Shanahan, akampigapiga begani.

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda. Miguu ilimuuma, na maneno yale yale yalianza kumchosha kama mashuka ya zamani. Ingekuwa rahisi kukubali, atabasamu tu, aende nyumbani akalale. Jumapili moja alikaribia kufanya hivyo.

Siku hiyo Kit Talty alikuwa amekuja kanisani, mara ya kwanza tangu avunjike nyonga. Yeye na Hanora walikuja kwa meli moja, wakaishi ukuta kwa ukuta.

"Shoga, nasikia siku hizi wewe mwimbaji!"

"Niache, Kit. Nimechoka. Alikuwa Sabina."

"Nani asiyejua? Kwani mimi kiziwi? Ukuta wetu ulikuwa mbao tupu. Yule mtoto alikuwa anaimba kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio. Ng'ombe wangu walikuwa wananyima maziwa!"

Waliokuwa karibu waliguna. Mtu mmoja akasema si vizuri kumsema marehemu hivyo. Hanora hakumsikia. Alikuwa amemshika Kit mkono.

"Alikuwa hajui kuimba?"

"Hajui kabisa, Mungu amrehemu. Lakini alfajiri nzima alikuwa hanyamazi! Wewe hukumsikia?"

Hanora alitikisa kichwa. Saa zile zote alikuwa hotelini, mikono ndani ya maji ya moto. Con alikuwa mdogo mno kujua sauti nzuri na mbaya.

Aliketi juu ya ukuta mfupi wa kanisa, akamvuta Kit aketi pembeni yake.

"Hebu niimbie," alisema. "Vile vile alivyokuwa anaimba."

"Hapa? Padri anatuangalia."

"Atuangalie."

Kit akakohoa, akavuta pumzi, na mbele ya parokia nzima akaanza kuimba, vibaya sana, kwa sauti kubwa. Hanora akafumba macho asikilize.